Vidole Kumi vya Mama Dobi

Mara tatu nilikwenda kumhoji binti huyu wa dobi kwa ajili ya gazeti, na mara zote tatu sikuitazama mikono ya mama yake. Mawazo yangu yalikuwa kwenye maandamano aliyoyaongoza chuoni.

Saa moja asubuhi wameinama uani, binti akisuuza, mama akikamua. Binti ana miaka ishirini na sita. Mtaani wanamwita Kipaza, kwa sababu ya kipaza sauti alichokibeba chuoni siku wanafunzi walipodai kuchagua viongozi wao wenyewe. Alisimamishwa masomo miaka miwili. Akarudi nyumbani, akashika sabuni.

"Shati la watu hilo, mwanangu, bado lina povu."

"Nisamehe mama, nilikuwa nawaza uchaguzi."

"Uchaguzi hauvai shati. Suuza."

Kipaza anagombea udiwani. Mwezi uliopita, siku chache kabla ya daftari la wapiga kura kufungwa, mashine ya uandikishaji ilivikataa vidole vya mama yake, vyote kumi. Miaka thelathini ya sabuni ilikuwa imezifuta alama zake. Karani alimshauri akaipumzishe mikono mpaka alama zirudi.

"Nikipumzika tutakula nini?" mama anauliza, akicheka kidogo. Siku ile hakucheka. Alimwambia binti yake kwamba kura hana, atamwombea tu.

"Nilitaka kwenda kufoka," Kipaza anakumbuka. "Lakini chuoni tulifoka siku tatu, tukafunga na geti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesoma katiba ya chama cha wanafunzi. Haki tuliyoidai ilikuwa humo humo, ukurasa wa sita. Niliiona nikiwa nimeshasimamishwa, nafungasha vitabu."

Safari hii alianza kwa kusoma. Aliupata mwongozo wa uandikishaji, akaukunja mfukoni, akapanga foleni na mama yake kwa saa nne.

"Kaka, naomba usome hapa," alimwambia karani kwa sauti ya chini.

Karani alisoma, akarudia: asiyesomeka vidole aandikwe kwa mkono, kwenye fomu ya karatasi.

"Hii sijawahi kuiona, dada."

"Hata mimi nimeiona jana."

Karani alifungua droo, akaipata fomu, akaipangusa vumbi. Mama alipokabidhiwa kadi, aliishika kwa ncha za vidole, kama shati la mteja lililokwisha kupigwa pasi.

Kipaza anatumaini kushinda, na akishinda, kwanza atataka vikao vya baraza la madiwani vifunguliwe kwa wananchi wote. "Nikikosa kura zote, ya mama ninayo," anasema.

"Nani kakwambia nakupigia wewe?" mama anajibu bila kuinua macho. "Kura ni siri."

Kesho yake baada ya kupata kadi ile, waliwapeleka kituoni madobi na waosha vyombo kumi na saba, na wote waliandikishwa. Hadi daftari lilipofungwa, kituo kilikuwa na meza ya pili, yenye fomu za karatasi.