Nyuma ya Kompyuta ya Papa

Kwa miaka sita nilifundisha kompyuta kwa chaki. Shule yetu hapa Butembo ilikuwa na somo la informatique kwenye ratiba, lakini darasani hapakuwa na kompyuta. Iliyokuwepo ilikaa katika ofisi ya prefe, mkuu wetu wa shule, naye aliilinda kama yai. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Somo lile nilipewa kwa sababu siku ya kugawana masomo nilichelewa mkutanoni, na aliyechelewa hula ukoko. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kilichochakaa, chenye picha ya mgongo wa kompyuta, na kila mwaka nilichora mgongo ule ubaoni: matundu mawili ya mviringo, matundu madogo bapa, tundu pana lenye vitobo kumi na vitano kwa ajili ya skrini, na chini kabisa vibati virefu vilivyolala, ambavyo niliviandikia "nafasi za kuongeza".

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, kuongeza nini? Nilimjibu kwamba ni kuongeza kile kinachokosekana. Yeye alikaa chini ameridhika, mimi nikabaki na swali. Nilijua jina la kila tundu na sikuwa nimewahi kuchomeka hata waya mmoja. Leo nalisema bila haya. Wakati ule ningemnunia mwaka mzima mtu ambaye angelisema mbele ya watu.

Papa, baba yangu, ndiye aliyenifumbua macho, na hakukusudia. Alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi katika kijiji chetu upande wa Mabalako. Vita vilipowatoa watu huko alihamia Beni, akapanga chumba mtaa wa Mulekera, na kwa kuwa hawezi kukaa bila kazi ya kuandika, alinunua kompyuta ya mitumba kwa fundi wa video za harusi aliyekuwa akihama. Kila alasiri watu wa kijiji chetu waliokimbilia mjini walimjia, wakamweleza shamba la nani linaanzia wapi na kuishia wapi: kijito gani, jiwe gani, mstari gani wa kahawa ulipandwa na babu wa nani. Papa aliandika yote. Baadhi ya wazee waliomweleza wamekwisha kuzikwa.

Kazi hiyo haikuwa ya kupoteza muda. Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, na mtu akirudi akamkuta jirani amepanda muhogo katika kiwanja chake, maneno huwa machache na panga huwa karibu. Papa alitaka orodha itangulie kufika kabla ya ugomvi. Wazee watano wa kijiji wanaoishi hapa Butembo walikubali kuja kwangu siku ya Jumamosi waihakiki, kisha ichapwe na kupelekwa kwa chifu. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta ile. Flash iliwahi kuyala mahubiri yote ambayo papa aliyaandikia kanisa, na tangu siku hiyo hakuziamini tena.

Alifika Jumanne kwa pikipiki, amelipakata lile sanduku zito tunaloliita unité centrale, limefungwa kwa kitenge cha marehemu mama na kukazwa kwa mpira wa tairi. Kibodi na kipanya vilikuwa kwenye mfuko begani, ila skrini aliiacha Beni kwa sababu haikuwa na pa kukaa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, binti yake anafundisha kitu hicho. Kesho yake niliazima skrini kwa sekretari wa parokia, nikaiona ikiwaka vizuri kwenye mashine yake, nikaileta nyumbani pamoja na waya wake, nimejaa majivuno.

Niliugeuza mgongo wa sanduku kuelekea dirishani, na kwa muda nilisahau hata kumpa papa chai. Mchoro wangu wote ulikuwa pale, ila ulikuwa na rangi. Tundu moja la mviringo lilikuwa la kijani na jingine la zambarau, moja la kipanya na moja la kibodi, na ndani yake vitobo vimepangwa hivi kwamba pini haziingii ila upande mmoja tu. Matundu bapa yalikuwa manne, kila moja na kiulimi ndani. Matatu ya sauti yalikuwa na rangi tatu. Niliona kwamba aliyeyatengeneza alitaka hata mtu asiyejua kusoma asikosee. Hilo kitabu changu hakikusema, na nilikikasirikia kitabu.

Lakini matundu mapana ya skrini, yale ya buluu ya vitobo kumi na vitano, yalikuwapo mawili. Moja lilikuwa juu pamoja na wenzake, limezibwa kwa kifuniko cha plastiki safi. La pili lilikuwa chini, peke yake, kwenye kibati kimojawapo cha zile nafasi za kuongeza. Hilo lilikuwa limechubuka, vitundu vya skrubu zake viking'aa kwa kufunguliwa na kufungwa.

Sasa, anayetujua sisi wa huku anajua tulichofanya. Kwetu kitu kipya hakivuliwi plastiki ovyo. Viti vya sebuleni hukaa na nailoni mpaka ipasuke yenyewe, rimoti ya televisheni huvalishwa mfuko, na termosi ya wageni huwa na karatasi yake ya dukani mwaka wa tano. Plastiki maana yake ni kipya, kimewekwa akiba, kinangoja siku ya maana. Papa aliinama akatazama matundu yote mawili, akalinganisha.

"Hii ya chini imechoka," alisema. "Ile ya juu iko mupya, hawajaigusa. Kazi yetu ni ya heshima, mama. Tia mu ile ya mupya."

Papa huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilikubaliana naye moja kwa moja. Nilikichomoa kifuniko, nikachomeka waya, nikakaza skrubu mbili kwa vidole. Uliingia bila kusumbua. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni ilivuma, taa ya mbele ikawaka, na skrini ikaandika kwa Kifaransa kwamba hakuna ishara, kisha ikawa nyeusi.

Tulizima tukawasha, tukakung'uta vumbi, tukabadilisha soketi ya ukutani. Jirani alisema labda mashine imechafuka moyo kwa matuta ya barabara. Alhamisi niliibeba kwa fundi mmoja karibu na soko. Hakuifungua hata kidogo. Aliisikiliza ikivuma, akasema diski imekufa, atai-formater na itakuwa kama mpya. Neno hilo nililifundisha kila mwaka, na nilijua maana yake: ni kufuta shamba zima ili kupanda upya. Nililinyakua sanduku mikononi mwake, tena kwa hasira, nikarudi nalo kwa miguu ingawa barabara ni ya kupanda.

Jioni hiyo papa hakula. Alikaa kwenye kiti akilitazama lile sanduku, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma.

"Labda Mungu anakatala hii kazi. Siku ya kukimbia niliacha batoto ba masomo, kila mutu akaenda njia yake. Sasa Mungu ananinyanganya na hii."

 Ningekuwa mkweli ningemwambia kwamba Mungu hana desturi ya kukaa nyuma ya kompyuta. Badala yake nilikifunika chakula chake.

Ijumaa sikuwa na vipindi asubuhi. Niliiwasha tena, bila matumaini, kwa udadisi tu. Kidole changu kiligusa kile kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi, na kitaa chake kidogo kikawaka. Nikakigusa tena, kitaa kikazimika. Nilifanya hivyo labda mara kumi, nikicheka peke yangu. Kitaa hakiwaki kwa amri ya kibodi, huwaka kwa amri ya mashine. Basi mashine ilikuwa hai, inanisikia na kunijibu. Kilichokosekana ni uso wake tu. Skrini niliiona ikifanya kazi parokiani, na waya ulikuwa uleule. Kwa hesabu, kilichobaki kilikuwa mahali waya ulipoingia.

Niliizima, nikachomoa kila kitu, nikaazima bisibisi kwa mama mshonaji wa jirani, nikafungua ubavu wa sanduku. Papa alivuta kiti chake karibu. Nakiri kwamba kwa nusu saa nzima nilisahau Jumamosi, nilisahau orodha, nilifurahi kama mtu aliyeingizwa nyumba ambayo kwa miaka sita aliipita njiani tu. Ubao mkubwa wa kijani ulikuwa umelala kwenye ukuta wa ndani wa sanduku, na matundu yote ya juu nyuma yalikuwa yameshonwa juu ya ubao wenyewe. Kumbe yalizaliwa nao! Yale ya juu ni watoto wa nyumba. Chini yake kulikuwa na mifereji mirefu mitatu. Miwili ilikuwa mitupu, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na kibati kinachoziba dirisha. Katika mfereji wa tatu ilisimama kadi nene yenye feni yake ndogo, na mwisho wa kadi ile ulitokea nje kupitia dirisha lake. Mwisho huo ndio lile tundu lililochubuka.

Nilimwonyesha papa kwa ncha ya bisibisi. Huyu ni mgeni, nilimwambia, aliletwa na yule fundi wa harusi kwa sababu video zina picha nyingi na ubao peke yake ulichoka. Kadi hii ilikuja kuchukua kazi ya picha. Nilipoyasema hayo nilisikia masikio yangu yakipata moto. Kama kadi ilichukua kazi ya picha, basi tundu la juu halikuwa na kazi tena. Fundi yule aliliziba ili mtu asije akachomeka pale. Plastiki haikusema "kipya". Ilisema "siyo hapa".

Nilirudisha ubavu, nikachomeka vyote, na waya wa skrini nikautia chini, kwenye tundu lililochoka.  Skrini ikawaka ikaonyesha picha ya bwana harusi na bibi harusi wasiojulikana, ambayo papa hakuwahi kujua namna ya kuiondoa, na katikati ya nguo ya bibi harusi likakaa faili la orodha.

Papa alilifungua, akashuka nalo polepole mpaka mwisho, midomo yake ikitaja majina. Ningeweza kuacha mambo hapo. Angeniita fundi, angesimulia Beni nzima. Lakini yale maneno ya Alhamisi yalikuwa bado yamesimama katikati yetu.

"Papa, ordinateur haikuwa mugonjwa," nilimwambia, nikiigusa kompyuta. "Siku zote tatu ilikuwa muzima. Ni miye nilikosea tundu."

Papa aliondoa mkono kwenye kipanya. "Basi haikuwa Mungu."

"Hapana. Ilikuwa miye."

Papa akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alifundisha watoto bahari kwa chaki tangu ujana wake mpaka siku ya kukimbia, na hajawahi kuiona.

Jumamosi wazee wakaja, wanaume wanne na mama mmoja mjane, mkubwa kuliko wote. Tulipanga benchi mbele ya skrini. Papa alisoma, wao wakasahihisha, mimi nikaandika. Kila shamba lilikuwa na mistari mitatu: mwenyewe, mipaka, na mrithi. Walibishana juu ya kijito kimoja kilichohama njia baada ya mvua, wakapatana. Mama mjane hakujua kusoma, lakini alikuwa akihesabu kimoyomoyo, maana tulipofika mwisho aliinua mkono.

"Directeur, na shamba yako iko wapi mu hii kitabu?"

Papa alijibu kwamba haimo. Mwenye kalamu akijiandikia mpaka, alisema, nani ataiamini mipaka mingine? Aliandika mashamba ya watu wote, lake akaliacha kwa makusudi, na mimi niliyeisoma orodha ile jana yake sikugundua kwamba halimo.

Wazee walitazamana. Kisha yule mama akaniambia niandike, na wakaanza kunisomea shamba la papa, mmoja akitaja kijito, mwingine mstari wa mikahawa, mwingine mahali nyumba yetu iliposimama, bila kubishana hata neno moja. Papa alikuwa ameinuka, amesimama mlangoni, ametupa mgongo. Niliandika jina lake, nikaandika mipaka, nikafika kwenye mstari wa tatu nikasimama. Kwetu shamba hufuata watoto wa kiume, na ndugu zangu wawili wako Uganda na hawajaulizia udongo ule kwa miaka. Niliuliza niandike yupi kati yao.

Wazee wanne wa kiume wakageukia mlangoni. Papa hakugeuka.

"Andika jina yako," papa alisema.

Niliandika jina langu herufi moja moja, nikalisoma tena kwa sauti ili wote wasikie, nikahifadhi.