Utumbo wa Kioo wa Godelieve Verstuyft

Godelieve Maria Verstuyft, binti wa Achiel aliyechachua kabichi ya mtaa mzima, mjukuu wa Melanie aliyejua siki imeiva kwa kunusa tu, ndiye aliyeulea utumbo wa kioo katika maabara moja ya mji wa Ghent miaka ishirini na sita. Ulikuwa chupa mbili, mipira ya kupitishia chakula na pampu ya kukisukuma, ndani ya maji ya joto la mwili. Alizilisha uji na nyongo mara tatu kwa siku, maana humo waliishi vijidudu wa utumbo mwembamba wa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mzee Octaaf, mwoka mikate mstaafu. Madaktari walimtoa utumbo mpana, choo kikawa kinatokea kwenye tundu la tumbo na kuingia katika mfuko uliobandikwa hapo. Mbegu ya vijidudu ilitoka humo.

Ikabaki wiki moja Godelieve astaafu. Asubuhi aliingia maabara, akanusa hewa, akasita mlangoni.

“Nani kagusa pampu?”

“Mimi, mama,” akasema Annelore, mwanafunzi ambaye shahada yake ilitegemea chupa zile. “Niliona vijidudu wachache, nikapunguza kasi wapate kushiba.”

“Loo! Utumbo mwembamba ni njia, mwanangu, si kitanda. Chakula kikilala, wale wa utumbo mpana huzaana wakawafukuza wenyeji. Hebu nusa.”

Annelore akanusa, akaziba pua. “Kama choo cha stesheni!”

“Utumbo huu ulitakiwa kunuka uchachu tu. Tuanze upya.”

Binti akaangua kilio. Kuanza upya kulitaka mbegu mpya, na Octaaf alikwisha kuapa hatoi tena, tangu mwanafunzi mmoja alipochukua mfuko mlangoni kwake na kwenda zake bila hata kuketi.

Godelieve alioka keki ya wali, akamshika binti mkono hadi kwa mzee.

“Umeniletea mnyakuzi mwingine?” Octaaf akauliza.

“Huyu anakaa. Tena ana la kusema.”

Annelore akaketi, akaungama yote, machozi yakidondokea keki. Mzee akacheka hadi akashika tumbo.

“Eti ukawaonea huruma! Mimi niliuonea huruma unga wa mikate, nikauacha uumuke usiku kucha. Asubuhi umefika sakafuni! Kula. Kesho saa moja uje.”

Siku yake ya mwisho kazini, Godelieve alimkabidhi Annelore chupa ya kubebea mbegu, aliyoivika soksi ya sufu kwa mkono wake.

“Kila Ijumaa utakwenda kwa mzee wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Na usinyanyuke kabla hajakuongezea kipande cha pili cha keki.”