Mkono Chini ya Pazia

Siku tuliyosikia kwamba dawa za saratani zitatolewa hapahapa kisiwani kwetu Vava'u, mama yangu, Melenaite, alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua. Dozi mbili za kwanza alizifuata mji mkuu, Nuku'alofa, kwa meli, na safari ya pili ilimtesa hata akaapa hapandi tena. Sasa angetibiwa asubuhi na jioni angelala kitandani mwake, akiwasikia wenzake wakisuka mikeka.

Kisha akauliza ni nani anayetoa dawa hiyo.

"Mjomba Penisimani," nilimjibu. "Ndiye nesi pekee aliyeisomea."

Kicheko kikakatika. "Basi sitibiwi."

Penisimani ni mtoto wa baba yake mdogo, kwa hiyo ni kaka yake kabisa. Tangu walipotenganishwa pa kulala utotoni, kama mila yetu inavyowataka kaka na dada, hawajawahi kuketi chumba kimoja. Mjomba akiingia, mama hutokea mlango wa nyuma. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa titini, neno ambalo mbele ya hao wawili halitamkwi hata na mlevi.

"Mama, sindano utachomwa na nesi Lavinia. Mjomba anachanganya dawa na kuiangalia tu."

"Na atajua inatibu nini!"

"Anajua tayari. Kisiwa kizima kinajua. Hata mbwa wa mchungaji anajua."

Alinirushia jani la mkadi alilokuwa akisukia, lakini hakucheka.

Mjomba ndiye aliyepata njia. Alileta ngatu ya nyumbani kwake, kile kitambaa kizito cha magome, akaitundika kama pazia katikati ya chumba cha dawa hospitalini. Mama akakubali kujaribu. Yeye alikaa upande mmoja, mjomba upande wa pili, nami nikawa tarishi wao.

"Mpwa," mjomba aliniambia kwa sauti ya kanisani, "muulize mgonjwa kama ana kichefuchefu."

"Mjomba, masikio yake hayako mbali na mdomo wako."

"Uliza, wewe! Usinifundishe heshima."

"Mwambie nesi sina," mama alisema, akiutazama ukuta; ndivyo alivyomwita kaka yake mle chumbani.

Dozi mbili zilipita hivyo. Katika iliyofuata, Lavinia alimchoma sindano, akaitazama dawa ikishuka vizuri, kisha akaitwa wodi ya wazazi. Baada ya muda mama aliukunja uso. "Inaniunguza." Ngozi kando ya sindano ilikuwa imevimba.

Nilipiga kelele. Niliona vidole vya miguu ya mjomba chini ya pazia. Havikusogea.

"Funga mrija, mpwa! Zungusha kile kigurudumu!"

Nilikizungusha.

"Sasa dawa iliyomwagika chini ya ngozi lazima ivutwe, la sivyo itaozesha nyama. Mwite Lavinia!"

Nilikimbia hadi mlango wa wodi ya wazazi. Mtoto alikuwa anatoka. Lavinia hakuweza kumwacha. Niliporudi, vile vidole vilikuwa palepale. Mama aliutazama mkono wake wa kulia, mkono wa kusukia.

"Penisimani," aliita.

Vidole vya mjomba vikajikunja.

"Mimi na wewe, nani mkubwa?"

"Wewe, dada." Kwetu dada humzidi kaka cheo, hata kaka akiwa chifu.

"Basi nakuamuru. Tibu mkono huu."

Akaupitisha chini ya pazia, mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Nikaona magoti ya mjomba yakishuka sakafuni, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Akaivuta dawa kwa bomba la sindano, taratibu, kisha akauweka mkono juu ya barafu. Mama naye hakugeuka kutazama. Macho yake yalibaki ukutani mpaka alipoambiwa, kupitia kwangu, kwamba hatari imepita.

Doa jeusi lilibaki, lakini vidole vinasuka.

Siku ile, tulipokuwa tunatoka, mama alisimama kando ya pazia, akalinyoosha pindo lake lililokunjika.

"Mwambie kaka yangu," alisema, na neno 'nesi' sikulisikia tena, "dozi iliyobaki nitaifuata hapahapa."