Dunia Inasubiriwa

Nimepata habari za kifo cha fundi mitambo wa redio yetu hapa Sumbawanga, mama mmoja wa Mbeya aliyeolewa Chanji, na tangu jana nimekosa utulivu. Yeye ndiye aliyenifundisha, nilipokuwa msomaji wa habari, kwamba dunia huchelewa. Hujizungusha kwa mwendo usio sawasawa, ikabaki nyuma ya saa za wataalamu, nao baada ya miaka kadhaa huongeza sekunde moja ili iwafikie. Nilidhani ananitania. "Kaka, dunia yote hii, na bahari zake, inasubiriwa," alisema, na mwili ukanisisimka. Hata leo unanisisimka.

Mwaka mmoja wa sekunde hiyo, waliotuuzia kompyuta walituletea ilani: mtambo uzimwe saa 3:00 usiku. Fundi akauzima saa tatu, akauwasha baadaye kidogo, akaenda zake kulala. Kumbe mwandishi wa ilani alihesabu kizungu. Alimaanisha saa tisa yetu. Sekunde ikaukuta mtambo uko kazini, nao, kwa kuwa haukuwahi kufundishwa dakika yenye sekunde sitini na moja, ukaduwaa. Kulipokucha redio ilikuwa kimya.

Sasa, ndani ya mtambo huo mlikuwa na tangazo la msiba lililopaswa kwenda hewani alfajiri. Mama mmoja alifariki Matai, azikwe mchana uleule, na mwanawe wa pekee alikuwa kambi ya wavuvi kule Kasanga, ambako simu hazishiki ila redio yetu inasikika. Fundi alishika kichwa. "Jamani, nimemkosesha mtu kumzika mama yake." Alihangaika na nyaya mpaka akaunganisha maikrofoni bila kompyuta, jua likiwa limeshapanda, akalisoma tangazo mwenyewe. Kisha akaongeza maneno yasiyokuwemo: "Nanyi mlioko msibani Matai, nawaombeni mumsubiri. Kuchelewa huku ni kosa langu."

Walimsubiri. Padri alinung'unika, wachimba kaburi wakakaa chini, kivuli kikarefuka. Yule mwana akafika juu ya lori la dagaa, akamtilia mama yake udongo wa kwanza.

Nasikia wakubwa wa saa wameamua kuachana na sekunde hiyo kwa kuwa inasumbua mitambo. Sibishani nao. Ila mimi nimebaki na hili: ikiwa saa zote za ulimwengu ziliweza kusimama zikaisubiri dunia, hakuna shughuli ya binadamu isiyoweza kumsubiri mtu mmoja aliye njiani.