Siku Mjomba Alipokuwa Zamu Nairobi

Juzi nilikuwa Nairobi kununua mzigo wa leso za dukani kwangu Ukunda. Baada ya kuvutana bei na muuzaji hadi sote wawili tukakauka koo, miguu ikanipeleka yenyewe upande wa Bunge. Nikasimama ng'ambo ya barabara nitazame. Hazikupita dakika askari akanijia. "Mama, unatafuta nani hapa?" Nikamwambia namtafuta bibi yangu. Akaangalia huku na huku, hakuona bibi wa mtu, akaniambia nisogee. Nikasogea. Wewe rafiki yangu hunifukuzi, basi kaa nikusimulie.

Nilikuwa darasa la sita, shule moja ya huku kwetu Msambweni, tulipopelekwa Nairobi kutazama majumba ya historia. Mwalimu alitaka wazazi wa kumsaidia kuchunga watoto. Wa kwanza kujitokeza akawa Bibi, mzaa mama, ambaye safari zake zote zilikuwa zimeishia Mombasa. Wa pili akawa jirani yetu, na huyo alikuja kwa sababu Bibi anakwenda.

Hapo pana kisa. Mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi, alikuwa ameingia jeshini na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani. Salamu zake zilifika kwa vinywa vya watu, mwenyewe haonekani. Jirani hakuiacha hiyo. Akiketi uani kwake kusuka makuti, husema kwa sauti ya kuvuka ua: "Mtoto akishaonja bara, hata shikamoo huisahau." Na kwetu hilo si neno dogo. Anayemnyima mama yake shikamoo mbele za watu ni kama amemvua nguo. Bibi alimjibu mara moja tu: "Nitakwenda, naye ataniamkia ukiona kwa macho yako." Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa na habari.

Basi hiyo ndiyo bei aliyoitaja, na Bibi hakuwa mtu wa kushuka bei. Aliuza achari na maembe mabichi maisha yake yote, na biashara niliyonayo leo nilijifunza kandokando ya beseni lake. "Ukishataja bei, nyamaza," aliniambia. "Atakayesema kwanza ndiye atakayepunguza." Nimewaona wanaume wazima wakisimama mbele ya kimya chake, wakijikuna, kisha wakitoa alichotaka.

Safari nzima basi lilinuka papa mkavu. Bibi alimfungashia Mjomba kikapu: papa, mkate wa sinia, achari ya ndimu. Watoto waliziba pua tangu tuliposhuka feri ya Likoni hadi pua zenyewe zikakata tamaa. Tuliingia Nairobi asubuhi, baridi ikitung'ata magoti, nasi tumevaa sare za shule za kwetu, ambazo zilishonwa kwa ajili ya joto.

Tulianzia lile jumba refu la mviringo la mikutano, katikati ya mji. Lifti ilipopanda, tumbo langu lilibaki chini. Kule juu mwalimu alitueleza mji ulivyojengwa, na Bibi akauliza bahari iko upande gani. Alipoonyeshwa, akaelekea huko, jiji zima akalipa kisogo. Tukaenda kutazama magari ya moshi ya kale, machuma meusi makubwa kama nyumba, wenzangu wakayaparamia. Bibi hakuyatazama. Kila tulipotoka mahali aliuliza, "Mwalimu, kwa mwanangu ni saa ngapi?" Maana Mjomba alikuwa ameleta habari kwamba siku hiyo atakuwa zamu ndani ya ua wa Bunge, kwenye kaburi la rais wa kwanza, na mwalimu alikuwa amekwisha kuomba ruhusa tupite hapo.

"Taratibu, mwenzangu," jirani akamwambia. "Aibu haina haraka."

Bibi alikaza buibui lake, akatangulia mbele.

Kwenye lango la Bunge askari kijana wa bara alifungua kikapu, akarudi nyuma.

"Mama, hii kitu ilikufa lini?"

"Papa huyo, mwanangu. Alikufa na adabu yake, hakuuliza wakubwa maswali kabla ya kuwaamkia."

Yule kijana alicheka hadi akashika ukuta. "Shikamoo, mama," akasema. Bibi akaitikia. Chakula hakikuruhusiwa ndani, lakini aliahidi kumkabidhi Mjomba kikapu akitoka zamu. Jirani akanong'ona nyuma yangu: "Huyo si wako, na kaamkia. Tungoje wako."

Kabla hatujafika, mwalimu alitusimamisha. Akasema wanajeshi wa pale hawasogei wala hawasemi wakiwa zamu. Anayefungua kinywa huadhibiwa, na kazi yenyewe huweza kumponyoka. Alisema akitutazama sote, ila macho yakaishia kwa Bibi. "Mama, umenielewa?" Jirani alitabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa biashara tuliyoingia: Mjomba akisema, amepoteza kazi. Asiposema, Bibi amerudi Msambweni uchi.

Tukamkuta. Amesimama wima, koti jekundu, vifungo vinang'aa, bunduki ubavuni. Nilikuwa namjua kwa picha tu, lakini pua ilikuwa ya Bibi, haina shaka. Kando kidogo alisimama mkubwa wake, mikono nyuma, anatazama.

Bibi akatoka kwenye mstari, akaenda akasimama mbele ya mwanawe, hatua chache tu. Akanyamaza.

Na Mjomba akanyamaza.

Mwalimu akaita kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali." Watoto wakaacha kusukumana. Nilihesabu vifungo vya lile koti, nikarudia kuhesabu, kwa kuwa sikuthubutu kutazama uso. Nilipoinua macho nikaona koo la Mjomba linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama la mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Midomo ikaachana kidogo. Yule mkubwa akageuza kichwa, akapiga hatua kuelekea kwetu. Nilitaka kupiga kelele, Mjomba usiseme, na wakati huohuo nilitaka aseme, jirani asikie, mambo yaishe.

Ndipo Bibi, ambaye hakuwahi kusema kwanza mbele ya mnunuzi yeyote, akafungua kinywa.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa mtoto wa mwisho. "Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

Akageuka, akarudi kwenye mstari. Midomo ya Mjomba ikafungika. Mkubwa wake alisimama alipofika, akamtazama Bibi kwa muda, kisha akarudi mahali pake.

"Umeitikia nini?" jirani akauliza. "Mimi sikusikia kitu."

"Hukuamkiwa wewe," Bibi akasema. "Utasikiaje?"

Tulizungushwa ndani ya Bunge, nami sikumbuki hata kiti kimoja. Nyumbani jirani alisimulia anavyojua yeye, Bibi akaendelea kuuza achari. Waliomcheka walikuwapo, tena wakinunua kwake, naye hakuwaongezea hata ndimu moja. Miezi ikapita. Ramadhani ilipokaribia, Mjomba akatokea uani, mzigo bado begani, vumbi la njia usoni. Jirani akaacha makuti yake akasogea uani kwetu. Mjomba akainama mbele ya Bibi.

"Shikamoo, mama."

Bibi alikuwa anakuna nazi mlangoni pa jiko. Hakuinuka. "Hiyo nilikwisha kuiitikia," akasema. "Nawa mikono ule."

Bibi ametangulia mbele ya haki, na jirani naye akamfuata, na palipokuwa na ule ua wa makuti baina yao pamejengwa ukuta wa mawe usiopitisha neno. Watoto wa siku hizi huniamkia kwa kuinua nyusi, macho yako kwenye simu. Mjomba amestaafu, anakaa nyumba ileile, na sasa ndiye mkubwa wetu. Tukiingia sote twamwamkia. Lakini huchelewa kidogo kuitikia. Hutazama kwanza kule jikoni, kama anayempa nafasi mtu mwingine aitikie kabla yake.