Kutafuta DVD ya Mwalimu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Cherehani, basi, kwa kuwa alitengeneza cherehani zilizoharibika, na mkewe alikuwa Mwalimu, kwa kuwa alifundisha ushonaji chuoni mpaka alipostaafu. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyekuwa redio ya nyumba. Akiamka anasema, akipika anasema, akishona na pini zimejaa mdomoni anasema vilevile. Fundi alizoea kuitikia "mmh" bila kuinua macho kwenye mashine aliyoifungua mezani.

Mwalimu alipofariki, baada ya ugonjwa kumla kidogo kidogo, Fundi alijikaza. Alizika, akapokea pole, akarudi kazini. Nguo za marehemu aliziacha kabatini, picha yake ukutani. Kilichomshinda ni ukimya. Kisha, mwaka ulipozunguka, akagundua jambo lililomtia baridi mwilini: akijaribu kuisikia sauti ya mkewe kichwani, ilimjia kwa mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa.

Simu ya marehemu ilikwisha kuharibika yeye angali hai, ilipotumbukia kwenye ndoo ya nguo. Na hakuna aliyewahi kumrekodi. Nani amrekodi mtu anayeongea kutwa nzima?

Aliyekumbuka ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, mhudumu wa mapokezi hospitalini.

"Shemeji, si dada aliwahi kupigwa filamu na wale watu wa vitabu? Ile DVD ya kufundisha kukata vitambaa?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Kweli kabisa. Miaka mingi nyuma, kampuni moja ya vitabu ilimrekodi akifundisha, ikauza kitabu cha ushonaji na DVD yake ndani. Nakala ya nyumbani Mwalimu aliwaazima wanafunzi wake, wakapokezana mpaka ikapotelea hukohuko.

"Mtandaoni hakikosekani kitu," shemeji akasema. "Vitabu vipya, vya mtumba, DVD ambazo hata wenyewe wamezisahau. Sogea hapa."

Wakakaa bega kwa bega, macho kwenye kioo cha simu. Walipoandika neno kushona, cha kwanza kuletwa kikawa kitabu cha madaktari wa upasuaji.

"Nao hawa wanashona, lakini watu," shemeji akasema, na Fundi akacheka. Shemeji mtu akageuka kumtazama, kwa kuwa kicheko hicho hakikuwa kimesikika siku nyingi.

Ikawa ndiyo kazi yao kila shemeji alipopata mapumziko. Hatimaye wakamwona. Muuzaji mmoja wa mitumba alikuwa ameweka picha ya kasha, na juu ya jalada alikuwapo Mwalimu mwenyewe akitabasamu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Fundi aliugusa uso ule kwa kidole, simu ikaruka ikafungua ukurasa mwingine, nusura wagombane.

Kifurushi kilipofika, walikutana nyumbani kwa shemeji, kwenye deki ya kuchezea DVD. Fundi alivaa shati la kutokea. Aliketi wima ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti. Ukapigwa muziki wa kuchangamka, wakatokea bata wanacheza. Katuni za watoto. Waliisogeza mbele, wakairudisha nyuma, wakaitoa wakaifuta, wakairudisha. Bata walewale.

Shemeji akampigia muuzaji.

"Mama, mimi nanunua kwa mafungu, sifungui kasha mojamoja," yule akajibu. "Si uliona jalada ukalipenda?"

"Jalada linaongea?" shemeji akafoka. Simu ikakatwa.

Walitafuta tena. Wengine walikuwa na kitabu bila DVD. Mwingine aliandika anayo, kisha akawa hajibu. Ndipo wakakuta nakala mpya kabisa, toleo jipya, ndani ya nailoni yake. Jalada lilikuwa la maua tu, bila picha ya mtu, lakini maelezo yalitaja masomo yaleyale, kwa mpangilio uleule.

"Hii sasa ndiyo yenyewe," shemeji akasema. Safari hii Fundi hakubadili shati.

Deki ikanguruma, meza ikatokea, juu yake kitambaa cha samawati. Kisha ikaingia mikono. Fundi aliitambua kabla hata kovu la pasi halijaonekana juu ya kifundo cha mkono. Ilikilaza kitambaa, ikakipapasa kukiondolea mikunjo, ikachukua chaki.

"Karibu katika somo letu la kwanza," ikasema sauti.

Ilikuwa ya binti fulani, laini, imenyooka kama ya mtangazaji. Mikono ikapima, binti akaeleza. Mikono ikakata, binti akaeleza. Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Walitazama mpaka mwisho, kwani huenda mahali fulani watu wa kampuni wamesahau kuifuta sauti ya Mwalimu. Hawakusahau.

Kesho yake Fundi mwenyewe alipiga simu kwenye kampuni. Karani aliyempokea alikuwa na adabu, akaomba muda aulizie, akarudi.

"Mzee, ile sauti ya zamani ilikuwa na kelele nyingi za cherehani nyuma. Tuliporekebisha tukaweka msomaji."

"Na ile ya kwanza mliiweka wapi?"

"Ilifutwa, mzee wangu. Samahani sana."

Fundi akashukuru, akakata simu.

Alinunua deki ya mtumba, akawa anaitazama mikono ile akiwa amezima sauti. Aliona ni bora kuliko kukosa vyote. Lakini siku zingine vidole viliteleza kwenye rimoti, au alitaka tu kusikia nyumba ina mtu, akamwacha binti aongee.

Asubuhi moja, akiwa anatia mafuta kwenye cherehani ya mteja, alimkumbuka mkewe akimgombeza kwa kukanyaga sakafu mbichi. Alikumbuka kanga aliyovaa, ufagio mkononi, mdomo ukifunguka. Na maneno yakatoka laini, yamenyooka, kwa sauti ya yule binti. Akajaribu kumbukumbu nyingine, ya harusini. Ikawa hivyohivyo.

Alitoa DVD kwenye deki akampelekea shemeji, akamwambia sababu. Shemeji alilia. Alipomaliza akachukua simu, akaanza tena kupekua kurasa za wauza mitumba.

"Acha sasa, shemeji," Fundi akasema.

"Wewe ulikuwa na mke," akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi ni dada yangu yule."

Fundi hakumkataza tena. Kila aliposogezewa simu aliinama, akaangalia, akaona jalada lilelile la maua.