Senge Rael Alivyotumwa Chepseon

Juzi nilikuwa jikoni kwangu nikisafisha kibuyu. Nilisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa hadi kikawa mkaa, na ile harufu ya moshi ikanirudisha Kiptere, kwenye kanisa letu la mabati katikati ya majani chai, Jumapili tuliyomtuma shangazi yangu. Nyinyi mnaokunywa mursik mnaijua harufu hiyo. Wengine nawahurumia tu. Ni maziwa yaliyolala kibuyuni hadi yakashika rangi ya jivu, na kwetu yana heshima yake: hupewa mtu aliyefika. Bibi harusi akiingia bomani au mkimbiaji akirudi na medali, hao ndio hunyweshwa mbele ya watu.

Shangazi tunamwita Senge, na wangu alikuwa Senge Rael, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na kanisani aliitumia yote. Sisi tukiwa ubeti wa pili, yeye alikuwa ameshaingia wa tatu na anatungoja. Matangazo yakisomwa, alisimama kuuliza. Swali lake halikubadilika: kwa nini wafanyakazi wa shamba la chai, watu waliotoka Kisii na kwingineko magharibi, walikaa benchi za nyuma karibu na mlango, na hakuna siku waliyoombwa kuanzisha wimbo? Wazee wa kanisa, Baba akiwemo, walitazama viatu vyao. Mimi nilimpenda Senge kupita kiasi. Aliniletea mahindi ya kuchoma kwenye mfuko wa sweta, na hakuwahi kuniambia ninyamaze.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali, Baba akamwambia Mama kwamba wazee wameamua.

"Pale Chepseon sokoni kuna watu wa kila kabila, na kanisa letu haliko. Rael ataenda awe mtume kwao."

"Mtume? Rael?"

"Akitaka kugombana, agombane huko. Sisi tupumue kidogo."

Mama hakucheka. Mimi nikasukuma ugali wangu kando.

Shule ya Jumapili tulikuwa tumefundishwa habari za mitume. Bwana aliwachagua wakatembea naye, wakaona kwa macho yao, kisha akawatuma waende wakashuhudie, waanzishe makanisa, waweke wazee wa kuyaangalia, halafu waendelee mbele. Kichwani mwangu mtume alikuwa mwanamume mwenye ndevu na kanzu ndefu. Kwamba mtu angeweza kuwa mtume kwa sababu watu wamechoshwa na sauti yake, hilo mwalimu hakulitaja. Niliona wananinyang'anya Senge wangu na kuupaka wizi huo rangi ya maombi. Nilikasirika hadi usingizi ukanipaa.

Jumapili ikafika. Baba alimwekea Senge mkono kichwani akaomba kwa maneno matamu sana, akasema tunakutuma, nenda. Kisha, ili mambo yaonekane makubwa, akamwashiria Mama alete kibuyu. Nadhani katika shughuli zile hakuna aliyekumbuka kwamba mursik si ya kumuaga mtu anayeondoka. Senge alikitazama kikombe, akamrudishia Baba, akamwita kwa jina lake.

"Hii ni ya mtu amefika, Kipkoech. Mimi hata gari sijapanda. Wekeni, nitakunywa nikirudi."

Kanisa zima lilicheka isipokuwa Baba.

Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimembebea blanketi. Tulipofika pembeni ya majani chai nilishindwa kuvumilia.

"Senge, hawakutumi. Wanakufukuza. Baba alisema wanataka kupumua."

Aliweka mzigo chini. "Baba yako alisema niende, mbele ya kanisa?"

"Alisema."

"Na aliweka mkono kwa kichwa yangu?"

"Aliweka."

"Basi hiyo ingine ni yake na Mungu. Mimi niko na kazi."

Akanipa hindi moja la kuchoma, bado lina moto. Nilirudi nyumbani nikilia na kutafuna, nikiamini kwamba maskini shangazi yangu hakuelewa hata kidogo nilichomwambia.

Habari za Chepseon zilitufikia vipande vipande. Alianzia kwenye kibanda cha Moraa, Mkisii mmoja aliyeuza ndizi, na wiki ile ile ya kwanza wakagombana kuhusu ni wimbo wa nani uanze. Wakasuluhisha wenyewe: kila Jumapili ianze lugha tofauti. Ile sauti iliyotuchosha sisi, sokoni ilifaa kabisa, maana huko asiyepaza sauti hasikiki. Kanisa liliposimama, Senge aliweka wazee, Moraa akiwa mmoja wao, kisha yeye akahamia benchi ya nyuma karibu na mlango.

Kwetu palikuwa na amani. Amani tele. Wafanyakazi wa shamba waliondoka mmoja mmoja, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuuliza swali lao. Mvua ikinyesha, mabati yaliimba kutushinda. Ikafika mahali wazee wakaanza kuzungumza juu ya kufunga mlango, na Baba, aliyelijenga kanisa lile kwa mikono yake, akakonda. Ndipo alipotuma ujumbe Chepseon kwamba Rael aje.

Alikuja Jumapili pamoja na Moraa. Hakuja moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo tuliposikia wimbo ukipanda kilima ulikuwa wimbo wa umati, na sauti moja ilikuwa mbele kwa ubeti mzima. Nilikimbia nje nikiruka ruka kwa furaha, mimi msichana mkubwa wa kidato cha kwanza.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu mkononi, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Mama. Alipomimina kikombe kilifurika, maziwa yakamlowesha mkono wa koti.

"Rael," alisema, na watu wote walisikia, "nilikutuma vibaya."

Senge alikunywa kikombe chote bila haraka, akapangusa mdomo.

"Ulinituma vibaya, Kipkoech. Lakini mimi nilienda vizuri. Sasa hawa watu watakaa wapi?"

Baba aliingia ndani akawaondoa wazee wenzake kwenye benchi ya mbele.

Nimekuwa mtu mzima nikaisoma Biblia yangu mwenyewe, nikamkuta Petro na mdomo wake, nikamkuta Paulo akizozana na Barnaba hadi kila mmoja akashika njia yake, na Injili ikafika huku na huko. Utotoni nilidhani utume ni usafi wa mkono unaokutuma. Senge alijua siku ile barabarani kwamba mikono ya watu, safi au michafu, ndiyo hiyo iliyopo, na kwamba kazi ni kwenda. Alielewa kila neno nililomwambia. Asiyeelewa nilikuwa mimi.

Kibuyu nilichokisafisha juzi ni kile kile alichoshika Baba. Jumapili hii tunampokea mchungaji mpya kanisani Kiptere, binti wa Moraa, ametumwa kwetu na kanisa la Chepseon. Wamenidokezea kwamba ana maswali mengi na hanyamazi. Nimekijaza hadi shingoni.